Baridi ya Umatengo: Mvua, Upepo na Mwili wa Msafiri wa Mlimani

Maji ya Ziwa Nyasa yako takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo, inayoonekana mashariki mwa ufukwe nyuma ya Mbamba Bay na Liuli, hupanda hadi kukaribia mita 2,000. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda; kwa hiyo mtu anayeondoka mwaloni penye nyuzijoto 28 anaweza, kabla ya jua kutua, kujikuta juu ya mgongo wa mlima penye nyuzijoto 18 au 19, na hizo ni za hewa kavu iliyotulia. Mvua ikianza na upepo ukivuma, hesabu hubadilika kabisa. Msafiri huyo amehama kutoka majira moja ya mwaka hadi mengine akiwa na nguo zilezile.

Katika nchi ambayo homa ndiyo dalili inayotambulika kuliko zote, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba kupungua kwa joto la mwili nako huua. Kitaalamu hali hiyo huitwa haipothemia: joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida huwa karibu na nyuzijoto 37, linaposhuka chini ya 35. Haihitaji theluji wala kilele cha Kilimanjaro. Hewa ya nyuzijoto 10 au 12, nguo zilizoloa, upepo wa wastani, tumbo tupu na saa kadhaa za kutembea vinatosha, na mambo hayo hukutana mara nyingi katika wilaya za Mbinga na Nyasa.

Wamatengo hawakuichagua milima hii kwa starehe. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma kwenye miinuko na mapango ya Litembo, na huko ndiko walikoujenga ustadi wao wa kulima miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa safu zinazokatana kama miraba, kisha udongo hufukuliwa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuuporomosha mlima. Ni mfumo ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani wameusoma kwa miaka mingi, na sifa zake za kuhifadhi udongo ni za haki. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kazi yenyewe hufanyika kwenye mvua. Ngoro huchimbwa mwezi Machi, masika ingali ikinyesha, ili maharage yapandwe juu ya matuta yake. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, na wanawake hufunika udongo na kupanda. Mwanamke huinama saa nzima nzima akiwa na kitenge kilicholoa mgongoni, aghalabu na mtoto ndani ya kitenge hicho, katika mteremko usio na mti wa kujikinga.

Maana misitu ya huko ilikwisha kufyekwa zamani. Sehemu kubwa ya migongo ya milima sasa ni nyasi, magugu, mashamba ya ngoro na mibuni iliyo karibu na nyumba. Uwazi huo ndio unaoifanya milima hii ifanane, kwa macho ya tabibu, na nyanda nyingine za juu zisizo na miti: uwanda wa Kitulo ulioko kaskazini zaidi, ambao ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, au ukanda wa nyasi na vichaka vifupi unaopitiwa na wapagazi wa Kilimanjaro. Mahali penye msitu, upepo huvunjwa na majani kabla haujamfikia mtu. Mahali palipo wazi, mtu ndiye mti pekee uliosimama.

Uwazi huo una hatari nyingine pia, nayo ni radi. Anayesikia ngurumo akiwa juu ya mgongo wa mlima ashuke mara moja, aweke jembe kando, wala asisimame chini ya mti uliojitenga. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa na kukandamizwa kifua papo hapo, na kuna wanaopona kwa sababu tu jirani hakuogopa kuwagusa.

Ili kuielewa baridi ya mvua, inafaa kufanya hesabu ndogo. Kanga mbili, blauzi na sweta vikiloa huweza kubeba zaidi ya nusu lita ya maji. Gramu moja ya maji, ili ikauke juu ya ngozi, huchukua takribani kilojuli 2.4 za joto. Nusu lita basi huchukua kilojuli 1,200. Mwili wa mtu wa kilo 60 hupungua nyuzijoto moja kila unapopoteza kama kilojuli 210 bila kuzirudisha. Kama joto lote la kukausha nguo hizo lingetoka mwilini, na mwili usitengeneze jingine, mtu huyo angeshuka karibu nyuzijoto sita: kutoka 37 hadi 31. Bila shaka mwili hutengeneza joto jingine. Aliyeketi hutengeneza kama kilojuli 300 kwa saa, anayetetemeka kwa nguvu huweza kuzidisha kiwango hicho mara tatu au zaidi, na anayepanda mlima akiwa na mzigo mara nne au tano. Lakini hesabu hiyo inaonesha jinsi nguo mbichi zinavyoula mwili: zikimkaukia mtu aliyepumzika, zinamdai joto la saa nne. Na hapo mvua haijaendelea kunyesha na kuziloweka upya, wala maji baridi yanayotiririka mgongoni hayajahesabiwa. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa.

Kutokana na hayo, hatari kubwa haiko pale mtu anapopanda kwa kasi. Wakati huo misuli inawaka kama tanuri, na mtu hujihisi mzima hata akiwa ameloa chapachapa. Hatari huanza anapochoka na kupunguza mwendo, anapoketi kumsubiri mwenzake, au anapopotea njia ndani ya ukungu na kusimama kufikiri. Tanuri limezimwa, nguo bado mbichi, upepo unaendelea.

Jambo hili lilithibitishwa mbali sana na Ruvuma. Machi 1964, vijana wa skauti walishiriki mashindano ya kutembea kwenye nyanda za juu za Derbyshire, Uingereza, nchi ya nyasi na matope isiyo na miti. Mvua na upepo viliwakuta njiani, na watatu wakafa. Daktari Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa katika msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953, alichunguza vifo hivyo na kupima nguo za aina waliyovaa. Aligundua kwamba nguo hizo zikiloa na kupigwa na upepo hupoteza sehemu kubwa mno ya uwezo wake wa kuhifadhi joto, na kwamba mtembeaji huokolewa na kasi yake tu, hadi nguvu zitakapomwishia. Tangu hapo wasimamizi wa safari za milimani huko Ulaya wakaanza kuitazama mvua yenye upepo kwa hofu ileile waliyokuwa nayo kwa theluji.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na ushahidi wake zaidi ya nusu karne kabla ya hapo. Februari 1908, mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein alikuwa akishuka mlima Karisimbi, katika safu ya Virunga, pamoja na msafara wa wapagazi. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakumba mahali pa wazi penye majimaji. Wapagazi 20 walikufa. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliozoea kubeba mizigo, lakini walivaa nguo za nchi za chini. Wengi wao waliketi matopeni na hawakukubali tena kuinuka, hata waliposihiwa. Msomaji wa kawaida wa simulizi hiyo anaweza kuona hapo ukaidi au kukata tamaa. Tabibu huona dalili. Ubongo unapopoa, hamu ya kujiokoa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimika. Mtu huacha kujali, husema aachwe apumzike kidogo, na kwa kweli hajui tena kwamba anakufa. Kumsihi mtu wa namna hiyo ni kazi bure. Anahitaji kushikwa, kufunikwa na kuondolewa.

Dalili zenyewe hutangulia mapema, ila zinavaa sura za mambo mengine. Vidole hushindwa kufunga kifungo au kushika kamba. Maneno huanza kukokotwa. Miguu hujikwaa kwenye njia ambayo mtu ameipita tangu utotoni. Mtu mpole hugeuka mkali, au msemaji hunyamaza. Anayeona hayo jioni kando ya njia, hasa siku ya gulio, huwa na jibu tayari: huyu amelewa. Wakati mwingine ni kweli amelewa, na hapo ndipo hatari inapoongezeka, kwa kuwa pombe hupanua mishipa ya damu chini ya ngozi. Damu ya moto hukimbilia juu, mtu hujihisi amepata joto, kumbe analimwaga nje. Pombe hupunguza pia kutetemeka, na huweza kushusha sukari ya damu kwa mtu asiyekula. Ile kauli ya kwamba tone moja huondoa baridi imewalaza wengi njiani.

Dalili ya kutisha zaidi huja mwishoni. Mtu aliyepoa sana huweza kuhisi joto la ghafla na kuvua nguo zake. Akikutwa amekufa mlimani, uchi, nguo zikiwa zimetupwa kando, fikra za watu hukimbilia uchawi au mauaji, na jirani asiye na hatia huweza kuangaliwa kwa jicho baya. Madaktari wanaofanya uchunguzi wa maiti wanaijua hali hiyo. Inafaa na viongozi wa vijiji vya milimani waijue.

Mfanano unaosumbua vituo vya afya zaidi ni wa malaria. Ufukwe wa Nyasa una mbu wa kutosha, na mtu anayepanda kutoka huko akifika juu anatetemeka meno yakigongana, kila mtu hudhani jibu linajulikana. Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi. Lakini mtetemo wa malaria na ule wa mwili uliopoa ni vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti. Katika malaria, sehemu ya ubongo inayosimamia joto imejipangia kiwango kipya cha juu, na misuli hutetemeka ili kukifikia. Mikono inaweza kuwa ya baridi, ila mkono wa mpimaji ukiingizwa chini ya nguo na kuwekwa tumboni au kati ya mabega hukuta moto. Katika haipothemia tumbo lenyewe ni baridi. Kugusa huko hakuhitaji kifaa chochote, na hata mama mzazi nyumbani anaweza kukufanya.

Kipimajoto, ambacho kilipaswa kumaliza ubishi, mara nyingine huuzidisha. Vipimajoto vya zamani vya kioo na zebaki vilichorwa namba kuanzia 35, kwa sababu vilitengenezwa kutafuta homa. Mgonjwa mwenye nyuzijoto 31 hukifanya kipimajoto cha namna hiyo kikae mwanzoni mwa namba zake, na mpimaji aliyechoka huandika 35 au huandika kwamba hana homa. Vingi vya kisasa vya betri huishia 32, na chini ya hapo huonesha herufi mbili tu za kuashiria kwamba joto liko chini mno. Herufi hizo hudhaniwa kuwa ni ubovu wa kifaa. Kumbe huenda ndicho kipimo muhimu kuliko vyote vilivyochukuliwa siku hiyo.

Ugumu ni kwamba magonjwa hayo mawili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mgonjwa wa malaria kali aliyesafirishwa kwenye mvua huweza kufika akiwa amepoa, hana homa, amechanganyikiwa, na sukari yake ya damu iko chini. Kutokuwa na homa kusimnyime kipimo cha haraka cha malaria. Vilevile majibu ya kipimo hicho yasisubiriwe ndipo avuliwe nguo mbichi.

Na hapa linakuja suala la machela. Katika vijiji vya miteremkoni ambavyo gari halifiki, hasa mvua inapoziharibu njia, mgonjwa hubebwa mabegani kwa machela hadi barabarani, na kutoka hapo hadi kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Litembo inayomilikiwa na Jimbo Katoliki la Mbinga. Wabebaji ni vijana wanne, sita, wengine wakipokezana. Wanapanda, wanashuka, wanatokwa jasho. Kwao hali ya hewa ni nzuri. Aliyelala juu ya mabega yao hasogezi hata kidole. Analoa kutoka juu kwa mvua na kutoka chini kwa blanketi lililokwisha kunywa maji, na upepo unampiga mahali palipo juu kuliko vichwa vyao wote. Hakuna anayejua anavyopoa, kwa sababu wote walio karibu naye wanahisi joto. Katika safari nzima yeye ndiye dhaifu kuliko wote na ndiye aliyevaa vibaya kuliko wote.

Kwa mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujifungua, tofauti hiyo huweza kuamua uhai. Vimeng'enya vinavyoigandisha damu hufanya kazi vizuri katika joto la kawaida la mwili. Joto linaposhuka chini ya 35, na zaidi chini ya 34, kazi yao hulegea, na chembe sahani za damu nazo huacha kushikamana inavyopasa. Damu haigandi, kwa hiyo inaendelea kutoka. Kadiri inavyotoka, mwili hupungukiwa na uwezo wa kujitengenezea joto, na damu isiyopata oksijeni ya kutosha hugeuka kuwa na tindikali, jambo linalozidi kuzuia kuganda. Madaktari wa upasuaji duniani kote huliogopa duara hilo. Njia ya machela kwenye mvua huweza kulianzisha saa mbili kabla daktari hajamwona mgonjwa.

Dawa ya sehemu kubwa ya tatizo hilo iko ndani ya nyumba za wakulima wa kahawa. Mbinga ni nchi ya kahawa, na kila anayeianika kwenye kichanja anajua kukimbilia karatasi la nailoni wingu linapotanda. Karatasi hilohilo linaweza kumlinda mtu. Machela hutandikwa kwanza nyasi kavu au godoro jembamba, kwa sababu chini hupotea joto jingi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa huvuliwa nguo mbichi akiwa bado ndani, hufungwa kwa blanketi kavu mwili mzima pamoja na kichwa, na mwisho nailoni huzungushwa kwa nje na kukunjwa chini yake kama mkeka, uso ukiachwa wazi ili apumue na aonekane. Kama analowa damu, mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia ndani ya mfungo huo kila wanapopokezana, maana nailoni inaficha mambo. Inashangaza kidogo kwamba kahawa imekuwa ikifunikwa kwa uangalifu huo kwa miaka mingi kuliko wagonjwa.

Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, yenye urefu wa kilomita 66 hivi, imefupisha safari nyingi za aina hiyo. Imeleta pia bodaboda, na bodaboda ina upepo wake yenyewe. Abiria aliyeloa akiendeshwa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa amekaa katika upepo wa kasi hiyohiyo hata kama majani ya miti hayatikisiki, naye hatumii misuli yoyote ya kumtia joto. Dereva ana jaketi zito. Abiria wa nyuma aghalabu ni mama aliyeruhusiwa kutoka wodini, na kifuani pake ana mtoto wa siku mbili.

Mtoto mchanga ndiye anayepoa haraka kuliko binadamu yeyote. Ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni sehemu kubwa ya ngozi hiyo, na hana uwezo wa kutetemeka kama mtu mzima. Hutegemea mafuta maalumu ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni, ambayo mtoto njiti hayanayo ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linahesabu joto la kawaida la mtoto mchanga kuwa nyuzijoto 36.5 hadi 37.5. Chini ya hapo tayari anapambana na baridi, chini ya 36 amepoa kwa kiwango cha kati, na chini ya 32 yuko katika hatari kubwa. Mtoto aliyepoa halii sana. Hunyonya kwa ulegevu, hulala mno, na wazazi husifu utulivu wake.

Kwa hiyo safari ya kumrudisha nyumbani mlimani ipangwe kwa ajili yake. Akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi kavu na kofia tu, nguo za mama na blanketi vikifungwa juu ya wote wawili, na kitu kisichopitisha maji kiwe nje kabisa bila kumziba pua. Mgongoni si mahali pake siku ya mvua. Huko anapigwa na maji ambayo mama hayaoni. Na mvua ikiwa kubwa, muuguzi anayemwambia mama asubiri hadi kesho amefanya tiba.

Kwa watu wazima, mavazi ni suala la nyuzi kuliko unene. Pamba, ambayo ndiyo kanga, kitenge, fulana na suruali ya jinzi, hunywa maji na kuyang'ang'ania. Sufi ikiloa hubaki na sehemu ya joto lake, na zile sweta nyepesi za manyoya zilizotengenezwa kwa nyuzi za plastiki hukamuliwa na kuvaliwa tena. Zote mbili hupatikana kwenye mitumba kwa bei ya chini kuliko jinzi. Koti la mvua au hata karatasi la nailoni lililotobolewa tundu la kichwa huzuia maji na upepo kwa pamoja. Mwavuli huzuia maji mpaka upepo wa kwanza wa mlimani. Sweta moja kavu ikifungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na kuachwa humo hadi wakati wa kupumzika, ina thamani kuliko tatu zilizovaliwa tangu asubuhi na kuloa zote. Mchuuzi wa usipa anayepanda na mzigo anajua kuulinda mzigo wake usiloe, kwa hiyo ustadi anao tayari.

Chakula nacho ni vazi. Misuli inayotetemeka huchoma sukari kwa kasi, na mwenye njaa huacha kutetemeka mapema bila kuwa amepata joto. Viazi vya kuchemsha au kiporo cha ugali na maharage kabla ya kuondoka, na kitu cha kutafuna njiani, humwongezea mtu saa kadhaa.

Aliyekwisha kupoa lakini bado anatetemeka na kuzungumza vizuri ana nafasi kubwa ya kupona hapohapo njiani: akingwe upepo, avishwe kikavu, akalishwe juu ya nyasi au mzigo badala ya ardhi tupu, apewe chai yenye sukari nyingi au uji, na mwenye mwili wa joto amkumbatie ndani ya blanketi moja. Asilazimishwe kutembea mara moja. Apumzike kwanza apate nguvu. Anayepungua kutetemeka huku akizidi kusinzia ni mgonjwa mwingine kabisa. Huyo alazwe ubapa na asogezwe kama anayebeba mayai, kwa kuwa moyo uliopoa huvuruga mapigo yake kwa mtikisiko mdogo tu. Asinyweshwe kitu kama hawezi kushika kikombe mwenyewe. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asisogezwe miguu motoni: ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kuhisi, na damu baridi ya viungo hurudishwa moyoni kwa ghafla. Joto liwekwe kifuani na kwapani, kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa nguo.

Na asitangazwe kufa haraka. Mtu aliyepoa mno huweza kuwa na mapigo machache kwa dakika na pumzi zisizoonekana. Mapigo yatafutwe shingoni kwa dakika nzima. Ubongo baridi hutumia oksijeni kidogo, na wako waliorejea baada ya muda ambao kwa mwili wenye joto ungekuwa umekwisha kumaliza kila kitu. Kanuni inayofundishwa hospitalini ni kumpasha joto kwanza, ndipo uamuzi utolewe.

Kwa aliye peke yake juu ya mgongo wa mlima, mvua ikiwa imemkuta, milima yenyewe inatoa tiba moja. Kila mita 150 anazoshuka humpa nyuzijoto moja bila kutumia kuni wala blanketi, na upande mmoja wa mgongo daima una upepo pungufu. Juni na Julai, kusi linapovuma na manyunyu yake ya ukungu, upande huo ni ule unaotazama ziwa. Katika mvua za radi za masika upepo hugeuka mara kwa mara, na hapo ni heri kuufuata uso wake mwenyewe: upande ambao mvua haimpigi usoni. Ashuke kwenye tuta au mgongo mdogo unaoelekea bondeni, asifuate mkondo wa maji. Na kama kijito cha chini kimefurika kupita magoti na maji yake yamekuwa mekundu kwa udongo, nyumba ya kwanza yenye moshi upande huu wa kijito ndiyo mwisho wa safari ya siku hiyo.